Masafa Marefu: Tancut Almasi na Wasikilizaji Wake wa Njombe na Makambako

Historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania aghalabu huandikwa kutoka Dar es Salaam. Anayeifungua huanza na NUTA Jazz, akaingia kwa Juwata, akapita kwa Maquis, akatua kwa Mlimani Park na Vijana Jazz, na kabla hajavuka Chalinze wino umekwisha. Bendi za mikoani hupewa aya moja ya heshima. Morogoro hutajwa kwa sababu ya Mbaraka Mwinshehe, ambaye kifo chake cha ghafla mwaka 1979 kilimfanya asisahaulike; Tanga hutajwa kwa Jamhuri na Atomic; Tabora kwa Kiko Kids na Tabora Jazz. Ukishuka kusini, ukaupita mto Ruaha na kuanza kupanda milima, ukurasa huwa mweupe. Msomaji asiyelijua eneo hilo anaweza kudhani kwamba Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na viazi, chai na baridi, lakini hazikuwa na gitaa.

Gitaa lilikuwapo, na lilipigwa vizuri. Katikati ya miaka ya 1980 mji wa Iringa ulikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ambayo kwa utamu wa sauti na wepesi wa magitaa haikupaswa kuionea haya bendi yoyote ya mji mkuu. Nyimbo zake nne tano zingali zinapigwa redioni katika vipindi vya zilipendwa: “Nimemkaribisha Nyoka”, “Masafa Marefu”, “Butinini”, “Safari Siyo Kifo”. Watu wengi wazijuao nyimbo hizo hawajui zilipotoka. Huzisikia, wakatikisa kichwa, wakasema ni Maquis, au ni bendi fulani ya Wakongo, na mazungumzo yakaendelea. Kusahauliwa kwa namna hii kuna ukatili wake, kwa kuwa kazi inabaki na mwenyewe anafutwa.

Jina la bendi ni la kiwandani. Tancut ni ufupisho wa jina la Kiingereza la kampuni ya taifa ya kukata almasi, iliyokuwa na kiwanda chake Iringa. Almasi zilichimbwa Mwadui, kule Shinyanga, zikasafirishwa mamia ya kilometa hadi nyanda za juu, zikakatwa na kusuguliwa na mafundi wa Kitanzania, kisha zikaenda kuuzwa nje. Kiwanda hicho ndicho kilichonunua vyombo, kikaajiri wanamuziki, na kulipa bendi jina lake. Leo mpangilio huo huonekana wa ajabu. Enzi zile ulikuwa wa kawaida kabisa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mashirika ya umma na jumuiya za chama zilikuwa ndizo walezi wakuu wa muziki wa dansi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, jumuiya ya wafanyakazi ilikuwa na Juwata, Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz, na vyama vya ushirika baadaye vikawa na Washirika Stars. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na gitaa lilikuwa mali ya ofisi, sawa na taipureta.

Ulezi huo ulikuwa na neema na ulikuwa na kitanzi. Neema yake ni kwamba kijana asiye na uwezo wa kununua hata nyuzi za gitaa aliweza kusimama mbele ya amplifaya nzuri na kulipwa mwisho wa mwezi. Kitanzi chake ni kwamba siku mlezi akiugua, mtoto hana pa kwenda. Bendi ya mtu binafsi ikifilisika, mwenye bendi huuza shati akaanza upya. Bendi ya kiwanda hufungiwa stoo pamoja na mashine. Mkasa wa Tancut Almasi hauwezi kueleweka bila ya kuyakumbuka haya.

Yafaa pia kuikumbuka ramani ya wakati ule. Hadi mwaka 2012, Njombe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa. Kwa hiyo mtu wa Njombe au wa Makambako aliposikia redioni kwamba sasa inafuata bendi ya Iringa, alisikia habari ya kwao. Makambako ni njia panda: hapo barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia huachana na ile iingiayo kusini, ikapanda Njombe kiasi cha kilometa 60, kisha ikateremka hadi Songea. Hapo pia husimama treni ya TAZARA, reli iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya mwaka 1970 na 1975. Mji wa namna hii huishi kwa wapitao: madereva wa malori, wauza vitunguu na viazi, wanafunzi wenye masanduku ya bati, wafanyabiashara wa Kikinga wenye duka kila walipo. Wimbo ukipendwa Makambako, basi kwa siku chache utakuwa umefika Tunduma, Songea na Kilombero, kwa kuwa wabebaji wake wako njiani tayari.

Njombe yenyewe ni mji wa namna nyingine. Uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai baridi yake humfanya mgeni wa pwani aulize kama kweli bado yuko Tanzania. Ni mji wa misitu ya miwati na misonobari, wa mashamba ya chai, wa Wabena na jirani zao Wakinga, Wapangwa na Wawanji. Tena ni mji wa kwaya. Kanisa la Kilutheri na Kanisa Katoliki yamekuwapo huko tangu zama za Wajerumani, na vizazi kadhaa vimekua vikifundishwa kuimba kwa sauti nne kabla havijajua kusoma vizuri. Hili si jambo dogo kwa mhakiki wa muziki. Msikilizaji aliyelelewa katika kwaya hasikilizi wimbo kama asikilizavyo mtu aliyelelewa katika ngoma peke yake au katika taarabu. Masikio yake hutafuta sauti ya pili. Na sauti ya pili ndiyo iliyokuwa hazina ya Tancut Almasi.

Waimbaji wakuu wa bendi hii walikuwa ndugu pacha wenye asili ya Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Katika dansi la Afrika Mashariki kuna waimbaji wengi waliozoea kuimba wawili wawili, lakini aghalabu wawili hao walikuwa watu waliokutana ukubwani, kila mmoja na koo lake na mazoea yake, na ustadi wao ulikuwa ni kuzificha tofauti. Kwa pacha hawa hakukuwa na cha kuficha. Sauti zao zilikuwa juu, nyembamba bila ya kuwa dhaifu, na zilikaribiana mno hata sikio likapata tabu kujua ni ipi inayoongoza na ipi inayofuata. Wanapomaliza sentensi, neno la mwisho huvutwa kidogo, na katika mvuto huo sauti moja hushuka huku nyingine ikibaki palepale. Ni kitu kidogo sana, tena ndicho kinachomfanya msikilizaji arudie wimbo. Kwa mtu wa kwaya wa Njombe, hapo ndipo dansi lilipokutana na alilolijua tangu utotoni, ingawa maneno hayakuwa ya Zaburi.

Magitaa nayo yalijua mahali pake. Katika bendi nyingi za miaka ile gitaa la solo lilikuwa bwana, na waimbaji walingoja limalize kujisifu. Katika nyimbo bora za Tancut Almasi gitaa la solo hujibu maneno. Mwimbaji akiuliza, gitaa hulijaza pengo kwa kifungu kifupi, kisha hunyamaza. Rizimu hukata kwa wepesi, besi hutembea bila ya haraka, na vyombo vya kupuliza huingia pale tu panapohitajika mwanga. Kisha huja kile walichokiita wanadansi chemko: mwendo hukaza, maneno hupungua, na miguu ikachukua kazi ya masikio. Hata hapo bendi hii haikupoteza tuni. Chemko la bendi nyingine huwa ni mdundo mtupu wa kuchezea. Chemko la Tancut Almasi huimbika. Mtu aliyekaa kitini, asiyecheza, bado ana cha kwenda nacho nyumbani.

Sifa hii, yaani tuni kutangulizwa mbele ya kila kitu, ndiyo inayoifanya bendi hii ifanane na kundi moja la mbali sana, ambalo mashabiki wa muziki wa magitaa huko Marekani hulitaja kwa sauti ya huzuni. Kundi hilo ni Big Star, la mji wa Memphis. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1972, ikapewa kwa kujiamini jina lenye maana ya “rekodi namba moja”, na wahakiki wakaisifu. Haikuuzwa. Kasoro ilikuwa katika usambazaji: msikilizaji aliyeusikia wimbo redioni alikwenda dukani asiikute sahani. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 kundi lilikuwa limesambaratika. Miaka mingi baadaye ndipo vijana wa makundi mengine walipoanza kusema kwamba wao walijifunza kutoka hapo, na mwaka 1987 kundi la The Replacements likamtungia wimbo mwimbaji wake, Alex Chilton, wenye jina lake. Iringa si Memphis, na muziki wenyewe haufanani kwa mdundo. Kinachofanana ni hatima: magitaa yanayong'ara, sauti mbili tamu zenye chembe ya majonzi, kiitikio kisichomtoka mtu kichwani, na njia iliyokatika kati ya wimbo na mpenzi wake.

Tukirudi kwenye maneno, wasomaji wa mashairi watakuwa na la kuuliza. Je, nyimbo hizi zina fani ya kutosha, au ni utamu wa sauti uliofunika umaskini wa lugha? Jawabu la haki ni kwamba lugha yake ni nyepesi, na kwamba wepesi huo si umaskini. Chukua “Nimemkaribisha Nyoka”. Jina tu limekamilika kama methali. Nyoka ni picha kongwe katika fasihi simulizi za Afrika Mashariki. Kila jamii ina hadithi ya mtu aliyemwonea huruma nyoka wa baridi, akampa joto, akalipwa sumu. Mtunzi hakuibuni picha. Alichokifanya ni kuiweka katika nafsi ya kwanza na katika wakati uliotimia. Hakusema kwamba nyoka hakaribishwi, wala hakuonya kwamba tusimkaribishe nyoka. Amekiri kwamba amekwisha kumkaribisha. Tofauti hiyo ya sarufi ndiyo wimbo wote. Methali huzungumza kabla ya janga, kwa sauti ya mzee mwenye hekima. Wimbo huu unazungumza baada ya janga, kwa sauti ya mtu aliyezijua methali zote na zisimsaidie.

Hapa inafaa kulinganisha na taarabu, ambayo wasomaji wa visiwani wanaijua vizuri zaidi. Katika taarabu fumbo ni silaha. Nyoka angetajwa, na wasikilizaji wangeangaliana kujua nani anayepigwa kijembe. Maana ya wimbo ingetoka nje ya wimbo, ikaenda kutafuta mtu wake ukumbini. Katika dansi la Tancut Almasi fumbo halimtafuti mtu. Linabaki kwa anayeimba, likamrudia yeye mwenyewe. Ndiyo maana wimbo unaweza kusafiri. Mtu wa Makambako asiyemjua mtu yeyote Iringa anaweza kuuchukua na kuutia jina la nyoka wake mwenyewe, awe mpangaji, mshirika wa biashara au mpenzi. Taarabu hung'ara pale watu wanapojuana. Dansi la njia panda lilipaswa kung'ara pale watu wasipojuana.

“Masafa Marefu” nao una sifa yake. Kwa msikilizaji wa leo jina hilo lamaanisha umbali tu. Kwa msikilizaji wa miaka ya 1980 lilikuwa na mwangwi wa pili. Kila siku mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam aliwatajia wasikilizaji masafa ya kati na masafa mafupi, na watu wa milimani waliizungusha gurudumu ya redio wakitafuta sauti iliyokuwa ikija na kupotea kama ukungu. Neno masafa lilikuwa neno la redio kabla halijawa neno la mapenzi. Wimbo wenye jina hilo, ukija kwa redio hiyohiyo, katika nyumba ya Njombe ambako betri huanikwa juani ili zipate nguvu ya siku mbili zaidi, ulikuwa unajieleza wenyewe. Umbali uliokuwa kati ya wapendanao na umbali uliokuwa kati ya msikilizaji na studio vilikuwa kitu kimoja.

Na watu wa huko walikuwa na sababu ya kuyaelewa masafa. Tangu enzi za ukoloni, Njombe ilikuwa moja ya wilaya zilizotoa vibarua kwa wingi kwenda katika mashamba ya mkonge. Wakala wa wenye mashamba, aliyejulikana kwa jina la SILABU, aliandikisha wanaume wa nyanda za juu kuwapeleka Tanga na Morogoro kwa mikataba ya miezi mingi. Baadhi walirudi na blanketi na baiskeli, baadhi hawakurudi. Baada ya uhuru mkonge ulishuka lakini safari haikukoma. Walikwenda mjini, wakaenda migodini, wakaenda jeshini. Katika jamii ya namna hii, “Safari Siyo Kifo” ni jina linalobeba historia nzima katika maneno matatu. Kukanusha kwamba safari ni kifo ni kukiri kwamba kuna waliofikiri hivyo, na kwamba walikuwa na ushahidi. Hakuna anayejitahidi kukanusha jambo ambalo halijampitia mtu akilini. Mtunzi anamtuliza anayebaki, na wakati huohuo anaionyesha hofu yake.

Kuna hoja ambayo imetumika mara nyingi kuishusha bendi hii, nayo ni kwamba ilikuwa bendi ya kuiga Kongo. Waimbaji wake wakuu walikuwa Wakongo, magitaa yake yalifuata njia ya Kinshasa na Lubumbashi, na kwa hiyo, inasemwa, haina chake. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba muziki wa dansi wa Afrika Mashariki umekunywa kisima cha Kongo tangu miaka ya 1950, na Kongo nayo ilikunywa kutoka sahani za Kyuba. Lakini anayeitumia hoja hii dhidi ya Tancut Almasi angepaswa kuitumia pia dhidi ya nusu ya bendi za Dar es Salaam, na hafanyi hivyo. Isitoshe, jambo la kutazamwa ni wimbo ulikuwa wa nani ulipokwisha kuimbwa, kuliko mwimbaji alizaliwa wapi. Pacha hawa waliimba Kiswahili, mbele ya mafundi wa almasi, katika mji wa Wahehe, wakiwa pamoja na wanamuziki wa hapa nchini. Mmoja wa hao alikuwa mpiga gitaa John Kitime, aliyejulikana baadaye zaidi kwa kazi yake katika Kilimanjaro Band, Wana Njenje, na kwa maandishi yake ya miaka mingi juu ya muziki wa zamani na haki za wanamuziki. Bendi iliyokusanya watu wa namna hii haikuwa tawi la Kinshasa. Ilikuwa bendi ya Iringa iliyokuwa na masikio mapana.

Uhakiki wa kweli hauna budi kutaja upungufu. Upo. Kuna nyimbo ambazo maneno yake huisha mapema, na bendi ikabaki ikirudia kifungu kimoja kwa kutegemea kwamba sauti za pacha zitambeba msikilizaji; mara nyingine zinambeba, mara nyingine anachoka. Kuna mahali ambapo nasaha huingia bila ya kukaribishwa, kana kwamba mtunzi amekumbuka kwamba redio ni ya serikali na wimbo lazima ufunze. Kuna vina vinavyolegea ambavyo mshairi wa Pemba angevirudisha kwa mtunzi vikatengenezwe. Na urefu wenyewe, wa dakika nyingi kama ulivyokuwa urefu wa dansi lote la wakati ule, uliwafaa waliokuwa ukumbini kuliko waliokuwa wamekaa na redio. Hata hivyo upungufu huu ni wa zama, si wa bendi peke yake. Mlimani Park, inayosifiwa kwa haki kuwa shule ya utunzi, nayo ina nyimbo zinazohubiri. Tofauti ni kwamba ya Mlimani Park yamewekwa pamoja, bora na hafifu, hata tunaweza kuipima kwa jumla yake. Ya Tancut Almasi tunayapima kwa mabaki.

Kwa nini mabaki? Katika miaka ya Tancut Almasi, njia ya kurekodi kwa bendi nyingi ilikuwa moja: kwenda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kupiga nyimbo kadhaa kwa siku moja au mbili, na kuiacha kanda hapo. Redio iliipiga nchi nzima, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kanda haikuwa sahani. Viwanda vya sahani vilikuwa Nairobi, na mpaka wa Tanzania na Kenya, uliofungwa mwaka 1977, ulikuja kufunguliwa mwaka 1983, wakati ambapo sahani zenyewe zilikuwa zimeanza kuupisha mkanda wa kaseti. Bendi iliyozaliwa baada ya hapo ilizaliwa katika pengo. Wapenzi walirekodi kutoka redioni kwa kaseti zao, na sauti ya mtangazaji ikabaki juu ya utangulizi wa gitaa. Kaseti hiyo ikanakiliwa Makambako, ikanakiliwa tena Njombe, na kila nakala ikapoteza kitu: kwanza jina la wimbo, kisha jina la mtunzi, mwisho jina la bendi.

Kwa watu wa visiwani ulinganisho wa karibu ni Siti binti Saad. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi, na sahani zile zikauzwa pwani yote. Ndizo zilizofanya Shaaban Robert awe na sababu ya kumwandikia wasifu, na ndizo zinazofanya sauti yake ifike kwetu karibu miaka mia baadaye, japo kwa mikwaruzo. Fikiria basi: mwanamke wa Fumba, wa kizazi cha kwanza baada ya utumwa, aliacha nyuma yake ushahidi wa kushikika kuliko bendi ya vyombo vya umeme iliyopiga miaka karibu sitini baada yake, katika nchi huru, chini ya kampuni ya taifa. Wenye sahani wamebaki, na wenye kanda moja iliyo katika kabati moja wanategemea mwenye ufunguo.

Kisha mlezi akaugua. Mageuzi ya uchumi yaliyoanza katikati ya miaka ya 1980 yaliyabana mashirika ya umma moja baada ya jingine, na katika miaka ya 1990 mengi yalifungwa au yakauzwa. Bendi za mashirika zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuonekana anasa. Bendi za Dar es Salaam zilikuwa na soko la kuwapokea wanamuziki waliotawanyika. Juwata ikawa OTTU kisha Msondo, Sikinde ikaendelea. Iringa haikuwa na soko la namna hiyo. Mwanamuziki aliyepoteza kazi hapo alipaswa kwenda Dar es Salaam, na akifika huko alikuwa mwanamuziki wa Dar es Salaam. Mwaka 1994 zilipoanza redio za watu binafsi, na vijana wakaanza kuitengeneza Bongo Fleva, hapakuwa na Tancut Almasi ya kushindana nao wala ya kuwarithisha kitu.

Yamefanywa majaribio ya kuokoa yaliyosalia. Katika miaka ya 2000 wakusanyaji wa Ulaya walitoa mfululizo mzuri wa diski juu ya muziki wa Zanzibar na Bara, na mmoja wa diski hizo, uliotoka mwaka 2009, una jina linalotangaza joto la Dar na miaka ya 1978 hadi 1983. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo; kila mkusanyaji ana mipaka. Lakini mipaka hiyo, ya mji na ya miaka, inaiacha Tancut Almasi nje kwa pande zote mbili. Siku hizi nyimbo zake zinapatikana kwenye intaneti, zimewekwa na wapenzi, aghalabu bila ya mwaka, bila ya mtunzi, na mara nyingine chini ya jina la bendi nyingine. Wenye kuacha maneno chini yake huandika walikuwa wapi walipoisikia mara ya kwanza. Ushahidi wa upendo haukosekani. Kinachokosekana ni orodha.

Na orodha si jambo la makarani tu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA, ilitoa ahadi kwamba mtunzi atalipwa kazi yake inapotumika. Ahadi hiyo huanza na jina. Wimbo usiojulikana mtunzi wake hauna wa kumlipa, na familia ya mwanamuziki aliyefariki haiwezi kudai juu ya wimbo uliosajiliwa katika kumbukumbu za watu kwa maneno “bendi fulani ya Wakongo”. Mhakiki anaposema kwamba “Masafa Marefu” ni wa Tancut Almasi wa Iringa, hasemi kwa fahari ya mkoa. Anarudisha mali kwa mwenyewe, angalau kwa kadiri kalamu inavyoweza.

Njombe leo ni mkoa unaojitegemea, wenye parachichi zinazosafirishwa nje na vijana wasiokumbuka kwamba wazee wao walisubiri salamu za redio. Makambako imekuwa mji mkubwa, na stendi yake inapiga muziki wa kila aina kwa sauti moja kubwa. Si lazima vijana hao waipende Tancut Almasi. Kila kizazi kina haki ya kuchagua vyake. Lakini kuchagua kunahitaji kuonyeshwa. Kiwanda kile kilijua kwamba jiwe lililotoka ardhini halina thamani machoni mpaka fundi alikate, aone mwanga unaingia wapi na unatokea wapi. Nyimbo hizi zilikwisha kukatwa, tena na mafundi hodari. Zilichokosa ni mtu wa kuziandikia cheti, chenye jina la mkataji na mji alikozikatia.